Tumehamia shamba, theluji imetufunza adabu (uzi mrefu, nitakuwa nauongeza)

Mgeni wa Bondeni:
Habari za majukumu wakuu.

Mimi na mke wangu tuliacha fleti ya mjini tukahamia nyumba ya zamani huku shamba, bondeni kabisa. Jirani wa karibu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mjini theluji tulikuwa tunaiangalia dirishani. Ikianguka usiku, asubuhi unakuta magari yameshaipiga beleshi na barabara imemwagiwa chumvi, kazi yako ni kuvaa buti tu. Kwa hiyo nilijihesabu mzoefu.

Nyumba tuliinunua majani yakiwa bado mabichi. Mzee aliyekuwa akiishi hapa aliacha vitu vya ajabu ajabu, na mimi kwa kiherehere cha mwenye nyumba mpya nikaanza kusafisha. Kulikuwa na kamba nene imefungwa kutoka nguzo ya mlango wa nyuma mpaka banda la kuni, hatua kama thelathini. Nikajua ni ya kuanikia nguo, nikaikata. Kulikuwa na ua wa vichaka vilivyosongamana kati ya njia ya gari na shamba la jirani, umeziba mandhari yote. Nikaufyeka. Kando ya njia hiyohiyo vilichomekwa vijiti virefu vyekundu, nikaving'oa. Chini ya sinki la jikoni, upande wa ndani wa mlango wa kabati, mzee aliandika kwa penseli ya useremala: ACHA WAZI. Mke wangu akacheka, akapaka rangi juu yake.

Viwili vilinishinda. Kipande cha chuma kinachoning'inia pembeni ya mlango wa nyuma, kwa sababu bolti yake imeota kutu. Na ghorofani kuna mlango mzima, una bawaba na komeo, unafungukia hewani. Hauna ngazi wala roshani. Huo nilipanga kuuziba nikipata nafasi.

Nadhani mnaona uzi unakoelekea.

Siti ya Mbele:
Nimeshakaa. Shusha vitu mkuu.

Binti Kibatari:
Ya kamba nishaijua ila nanyamaza nisiwaharibie utamu. Kwa vile vijiti, pole kaka.

Mgeni wa Bondeni:
Theluji ya kwanza ilikuja kwa upole, bila upepo. Niliamka usiku nikahisi kama nimezibwa masikio. Hakuna mbwa, hakuna gari la mbali, hata mto hausikiki. Asubuhi nikapima, sentimita 12. Tukapiga picha, tukajisifu.

Ya pili ikaja na upepo. Kwa jumla haikuzidi sentimita 15, nilipima uwanjani. Lakini njia yangu ya gari ilikuwa imejaa mpaka kiunoni! Shamba la jirani limebaki na majani yanachungulia, mzigo wake wote uko kwangu. Nikachimba na beleshi saa tatu nzima. Nilipotoka na gari sikujua njia inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi, kote ni nyeupe, nikaingia mtaroni. Jirani alikuja kunivuta na trekta. Hakusema kitu, aliangalia tu pale palipokuwa na ua, akaangalia na mashimo ya vijiti, akatikisa kichwa.

Siti ya Mbele:
😂😂 Kile kichwa kilipotikisika ndipo ulipopata hati ya nyumba.

Mzee Kipimajoto:
Kijana, pole. Kiasi kilichoanguka si hoja. Theluji kavu ikishatua, upepo huiokota na kuikimbiza juu ya uwanja wazi kama mchanga wa jangwani. Inakimbia mpaka ikute mahali upepo unapopungua nguvu, hapo inamwagwa. Ule ua ulikuwa unapunguza upepo kabla haujafika njiani, theluji ikawa inadondokea kwenye vichaka vyenyewe. Sasa kituo cha kwanza ni njia yako, maana imebonyea.

Mwaka huu ua hautaota tena, kwa hiyo weka uzio wa mbao au wavu. Usiwe ukuta mzima, uwe na matundu, karibu nusu iwe wazi. Na usiuweke ukingoni mwa njia. Rundo hulala upande wa pili wa uzio, ule upepo unakoelekea, na hurefuka mara nyingi kuliko kimo cha uzio wenyewe. Ukiusogeza karibu sana unajizika mwenyewe. Zungumza na jirani akuruhusu uingie ndani ya shamba lake.

Mgeni wa Bondeni:
Shukrani mzee wangu. Jirani amekubali, na wavu amenipa yeye. Inaelekea alikuwa nao tayari, ananisubiri niombe.

Swali lingine. Utabiri wa jana ulisema nyuzi 9 chini ya sifuri. Kipimajoto changu cha mlangoni kilisoma 15 chini. Jirani yuko juu kidogo kilimani, chake kilisoma 9 kamili. Nimenunua kibovu?

Mzee Kipimajoto:
Usiku ulikuwa na nyota?

Mgeni wa Bondeni:
Nyota tele, na hata jani halitikisiki.

Mzee Kipimajoto:
Basi kipimajoto chako ni kizima. Usiku wa namna hiyo ardhi inapoteza joto lake kuelekea angani, hasa ikiwa imefunikwa theluji, na hewa inayoigusa inapoa. Hewa baridi ni nzito, inateremka kilimani kama maji na kujaa bondeni. Umenunua nyumba ndani ya bwawa la baridi. Kukiwa na mawingu au upepo hutaiona tofauti hiyo, kwa hiyo wewe utabiri wa kukuogopesha ni ule unaosema "anga safi, upepo shwari". Anza daftari. Andika asubuhi na jioni kipimo chako na cha utabiri, baada ya miezi miwili utakuwa na utabiri wa bonde lako mwenyewe.

Mbishi Halali:
Na upepo je? Maana simu yangu inaandika "10 chini, inahisika kama 20 chini". Ipi ndiyo ya kweli? Kama hewa ya nje ina nyuzi 2 juu ya sifuri na "inahisika" 5 chini, bomba litaganda?

Mzee Kipimajoto:
Halitaganda. Hiyo "inahisika" ni hesabu ya ngozi ya mtu. Mwili umejizungushia hewa yenye uvuguvugu, upepo unaipeperusha, unapoteza joto haraka zaidi. Mwanzo wake ni Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, waliokuwa Antaktika wakipima maji yanachukua muda gani kuganda kwenye mkebe wa plastiki uliotundikwa upeponi. Walichapisha mwaka 1945. Marekani na Kanada zikaibadilisha kanuni mwaka 2001, safari hii wakitumia nyuso za watu. Kwa kanuni hiyo mpya, nyuzi 10 chini na upepo wa kilomita 30 kwa saa ni kama 20 chini usoni pako. Bomba lenyewe haliwezi kupoa kupita hewa inayolizunguka.

Mbishi Halali:
Kwa hiyo upepo hauhusiki na mabomba. Asante, nilikuwa nabishana na shemeji.

Fundi Koki:
Usikimbilie kumpigia shemeji. Upepo unapenya kwenye nyufa, unafikisha hewa ya nje mpaka lilipo bomba ndani ya ukuta. Nimefungua kuta nyingi. Unakuta bomba limepasuka pale palipo na tundu la waya, dogo tu la kuingiza kidole. Bila upepo lingesalimika.

Mbishi Halali:
Sawa. Mimi na shemeji wote tumeshinda.

Mgeni wa Bondeni:
Wakuu nimerudi. Nilipotea siku nne, hatukuwa na umeme.

Ilianza kama mvua. Mvua ya kawaida kabisa, nikafurahi kwamba theluji itayeyuka. Nikatoka nje kuchukua kuni, hatua ya pili tu nikala mweleka. Kila tone lilikuwa linagusa kitu na kuganda papo hapo. Nguzo, nyasi, mpini wa beleshi, vyote vimevaa kioo. Kufika saa nne usiku matawi yakaanza kukatika msituni. Tulikuwa tumelala macho wazi tunahesabu: kimya, halafu mlio kama bunduki, halafu vioo vinamwagika. Saa saba umeme ukaenda.

Binti Kibatari:
Hiyo ndiyo naiogopa kuliko dhoruba yenyewe. Lugha yetu inapata tabu hapa. Barafu ni ya kwenye friji, barafu ni ya ziwani, na hii nayo tuiite barafu?

Mla Kamusi:
Tuna zaidi ya tunavyodhani dada. Theluji ni ile laini. Jalidi, wengine husema sakitu, ni ule unyevu wa hewani unaoganda kwenye majani alfajiri. Mvua ya mawe kila mtu anaijua. Ila kwa hii ya tone linaloganda likigusa kitu hatujapata jina moja, mimi naiita mvua ya kuganda. Na msiseme "kipupwe" kwa mambo haya jamani. Kipupwe ni ule ubaridi mtamu wa baada ya masika, hakivunji miti ya watu.

Mzee Kipimajoto:
Mvua ya kuganda inatosha. Juu huanza kama theluji, ikapita kwenye tabaka la hewa vuguvugu ikayeyuka, halafu karibu na ardhi kuna tabaka jembamba la hewa baridi. Tone linapoa chini ya sifuri lakini halina muda wa kuganda mpaka ligonge kitu. Tabaka la chini likiwa nene zaidi, litaganda njiani na utapata chembe za barafu zinazodunda, hizo hazina madhara makubwa. Na mabonde kama lako hupenda kutunza hewa baridi chini hata kama juu kumeshapata joto. Nilishakwambia una bwawa.

Mgeni wa Bondeni:
Sasa sikilizeni kilichonikuta. Nilikuwa nimejiandaa na baridi. Jiko la kuni linawaka, mablanketi yapo. Asubuhi nafungua koki, kimya. Nikadhani imeganda. Kumbe maji yetu ni ya kisima, na kisima kina pampu, na pampu inakula umeme! Mjini umeme ukikatika maji yanatoka, sikuwahi kuviunganisha kichwani. Tukaanza kuyeyusha theluji jikoni. Ndoo kumi za theluji laini zinatoa ndoo moja ya maji, tena ina majani makavu na mdudu mmoja. Choo kinameza ndoo nzima kwa mara moja. Siku ya pili tulikuwa tunaulizana kabla ya kwenda.

Siku ya tatu jirani akanikopesha jenereta. Mvua ilikuwa bado inanyesha, nikaiweka barazani chini ya paa isilowe.

Fundi Koki:
SIMAMA HAPO. Barazani, mlango uko mita ngapi?

Mgeni wa Bondeni:
Mbili.

Fundi Koki:
Mshukuru Mungu unaandika. Jenereta inatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inapita chini ya mlango. Watu huanza kuumwa kichwa, wanasikia usingizi, wanasema ni uchovu wa dhoruba, wanalala jumla. Iweke mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba, moshi uelekee mbali na madirisha, na kama ni mvua ijengee kibanda cha wazi hukohuko. Usiwashe ndani hata kama umefungua madirisha yote. Mkaa vilevile. Nunua kengele ya gesi hiyo, ya betri, weka karibu na mnapolala.

Na usithubutu kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili "iwashe nyumba nzima". Umeme unarudi kinyumenyume kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kukutengenezea laini anakufa.

Mgeni wa Bondeni:
Mke wangu alikuwa na kichwa kinamgonga ile jioni. Tulisema ni kukosa usingizi.

Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Kengele nimenunua, mbili.

Binti Kibatari:
Jamani.

Na vitu vya friji mlifanyaje? Mimi nilikuwa navitoa nje kwenye theluji.

Fundi Koki:
Jua likitoka vinayeyuka, na wanyama wanakuja kukushukuru. Acha mlango umefungwa tu. Friji hukaa kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Mgeni wa Bondeni:
Umeme uliporudi tukashangilia. Pampu ikanguruma, bafuni maji yakatoka. Jikoni hayakutoka. Sinki limekaa kwenye ukuta wa upande wa upepo, na kabati lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, limepakwa rangi mpya.

ACHA WAZI.

Siti ya Mbele:
Yule mzee angeandika na sababu basi!

Fundi Koki:
Angekuwa anajikumbusha mwenyewe, sababu anaijua. Kabati likiwa wazi joto la chumba linafika kwenye bomba. Na usiku wa baridi kali unaacha koki itoe uzi mwembamba wa maji. Watu hudhani ni ili maji yasigande kwa kuwa yanatembea. Faida kubwa zaidi ni presha. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na yale yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa hayana pa kwenda, hapo ndipo bomba linapasuka, mara nyingi si penye barafu yenyewe. Koki ikiwa wazi kidogo, yanapumulia hapo.

Limepasuka?

Mgeni wa Bondeni:
Sijui bado. Niyeyushe vipi?

Fundi Koki:
Fungua koki. Jua valvu kuu iko wapi KABLA hujaanza, maana ufa hauonekani mpaka barafu iondoke. Tumia mashine ya kukaushia nywele, anzia upande wa koki ukirudi nyuma kuelekea penye barafu. Usitumie moto wa wazi, kuta za zamani zina vumbi la mbao. Usiwe na haraka.

Mgeni wa Bondeni:
Dakika 50. Maji yametoka, hakuna ufa. Mke wangu amekwangua rangi ya kabati kwa kisu mpaka maandishi yameonekana tena.

Mbishi Halali:
Uzi umeisha kwa amani basi. Kamba?

Mgeni wa Bondeni:
Kamba ni ya wiki iliyopita. Nilichelewa kuiandika kwa sababu, niseme ukweli, naona aibu.

Dhoruba ilitangazwa tangu juzi yake. Nilijaza ndoo, nikachaji simu, kabati wazi, koki inatiririka. Nikajiona mwenyeji. Ila kuni za ndani zilikuwa zimebaki chache, na saa kumi na moja jioni theluji ikiwa imeshashika kasi nikasema naenda mara moja kuchota. Hatua thelathini, wakuu. Njia hiyo naijua gizani.

Kwenda nilifika, kwa sababu upepo ulinisukuma mgongoni nikaligonga banda kwa bega. Nikabeba mzigo, nikageuka. Nyumba haipo. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na haipo. Nilikuwa sioni mikono yangu iliyoshika kuni. Juu nyeupe, chini nyeupe, hata kujua kama nimesimama wima au nimeinama ilikuwa kazi. Nikahesabu hatua thelathini, hakuna ukuta. Nikaongeza kumi. Nikageuka kurudi bandani, banda nalo hakuna. Kuni nikazitupa hapo. Kope zinagandana, kila nikivuta pumzi ni kama nimemwagiwa maji usoni.

Sijui nilizunguka muda gani. Mke wangu anasema dakika 20. Yeye alifungua mlango, akaita, sauti ikaliwa na upepo. Akashika nyundo iliyokuwa kizingitini, akaanza kukipiga kile chuma chenye kutu. Mlio wake si mzuri, unakwaruza, lakini unachoma. Niliusikia ukitokea nyuma yangu kushoto, wakati mimi nilikuwa nakwenda kulia, kuelekea mtoni.

Siti ya Mbele:
Nimeacha kutafuna.

Mzee Kipimajoto:
Kijana, ulikuwa unatetemeka?

Mgeni wa Bondeni:
Sana. Vidole havikuweza kufungua zipu ya koti.

Mzee Kipimajoto:
Kutetemeka ni dalili kwamba mwili bado unapigana. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 tayari ni hatari, na likizidi kushuka kutetemeka kunakoma, mtu anaongea kilevi, anataka kukaa chini apumzike. Akifika hapo mvue nguo zenye maji, mfunike, mpashe joto kifuani kwanza badala ya mikono na miguu, usimsugue, na tafuta msaada.

Mpe mkeo salamu zangu.

Binti Kibatari:
Haya ndiyo niliyokuwa nimeyanyamazia. Kwetu kamba inafungwa theluji ya kwanza ikianguka na haifunguliwi mpaka nyasi zionekane. Unaishika kwa mkono mmoja hata kama unaona vizuri. Tena hasa ukiona vizuri, maana hali inabadilika ukiwa katikati.

Mgeni wa Bondeni:
Nimefunga mpya jana. Nimeivuta mpaka inalia, nimeifunga usawa uleule wa kifua, kwenye makovu yaleyale ya nguzo. Mti una mifereji miwili ilikosagika kamba ya zamani, sikuwa nimeiona nilipokata. Vijiti vyekundu navyo vimerudi, nimevichimbia kwa maji ya moto kwa sababu ardhi imekuwa chuma. Bolti nimeitia mafuta, si ya kuing'oa.

Mla Kamusi:
Mkuu, umesema ghorofani kuna mlango unaofungukia hewani.

Mgeni wa Bondeni:
Upo.

Mla Kamusi:
Kutoka ardhini mpaka kwenye kizingiti chake ni mita ngapi?

Mgeni wa Bondeni:
Nimetoka kupima sasa hivi. Mita 3 na sentimita 20.

Siti ya Mbele:
Na upande gani wa nyumba?

Mgeni wa Bondeni:
Upande ambao upepo unakoelekea. Pale palipo na rundo.

Mzee Kipimajoto:
Rundo lina kimo gani leo?

Mgeni wa Bondeni:
Mita moja na nusu. Bado tuko katikati ya msimu.

Mbishi Halali:
Inawezekana kulikuwa na ngazi ikavunjwa tu. Tusitishane.

Mgeni wa Bondeni:
Inawezekana. Nimekagua ukuta wa nje kwa tochi, hakuna hata tundu moja la msumari chini ya mlango. Ila ndani, nyuma yake, kuna ndoano, na kwenye ndoano kuna beleshi.

Komeo nimelitia mafuta pia.